Vichwa Katika Kioo cha Rimberia

Rimberia alikuwa mtu wa kutazama nyuso. Hata aliposalimiana na mtu barabarani, macho yake yalipanda na kushuka kati ya kidevu na paji la uso la mtu huyo, kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla hajashika utepe. Wasiomjua walidhani ana dharau. Hakuwa nayo. Alikuwa anatafuta mahali mwanga unapoangukia.

Studio yake ilikuwa katika safu ya maduka ya Isiolo, karibu na mahali magari ya Nanyuki yaliposhusha abiria. Ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la mabati, na nyuma yake chumba kidogo cha giza cha kusafishia picha. Aliinunua pamoja na kamera kutoka kwa Mhindi aliyefunga biashara na kuhamia Nairobi mwaka wa uhuru. Kamera yenyewe ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Katikati lilikuwa na ngozi iliyokunjwakunjwa, inayovutika na kurudi, na mbele lenzi iliyofungwa juu ya kibao. Ukitaka kubadilisha lenzi, ulichomoa kibao kimoja na kuchomeka kingine. Lakini Mhindi aliacha kibao kimoja tu, chenye lenzi fupi ya inchi sita, na hiyo ndiyo Rimberia aliyoanza nayo maisha.

Lenzi ile ilikuwa na wema wake. Chumba kilikuwa kifupi, na lenzi fupi huona mengi kutoka karibu. Mteja alisimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, na picha ikamtoa mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Ubaya wake ulijitokeza mtu alipotaka picha ya uso. Ili uso uijaze picha, ilibidi kamera isogezwe mpaka mteja anuse mbao yake, na kutoka pale pua ndiyo iliyokuwa karibu kuliko vyote, basi pua ndiyo iliyopewa ukubwa. Masikio yalirudi nyuma kama yanaogopa kofi. Watu wenye sura nzuri walitoka kama ngamia anayenusa ndoo.

Mkewe, Kinanu, alikuwa mwalimu, mwanamke aliyesoma mpaka chuo cha ualimu wakati wasichana wengi wa umri wake kule Meru hawakumaliza hata darasa la nne, na hakuwa mwepesi wa kusifu. Rimberia alipompiga picha ya uso na kumletea, aliishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa bado juu ya kazi za wanafunzi.

"Baba Jane," alisema, "pua hii si yangu peke yangu. Hii ni ya ukoo mzima."

Jane alikuwa binti yao wa kwanza, na kwa jina lake ndivyo mji mzima ulivyowaita. Rimberia alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Lilimkaa mpaka likampeleka Nairobi.

Alisafiri na kamera yake nzima, imeviringishwa katika blanketi, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hakutaka kununua jicho bila kujua kama litaingia kichwani. Kwenye kila kizuizi cha barabarani askari walilifungua blanketi, wakachungulia ndani ya lile sanduku na kulifunga tena. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini, na hakuna mzigo uliopita bila kufunguliwa.

Dukani alitandikiwa lenzi tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa na mdomo mpana kama bakuli. Muuzaji alimwambia kuwa inakunywa mwanga hata siku ya mawingu. Rimberia akamjibu kuwa Isiolo hakuna upungufu wa jua. Ya pili ilikuwa ya kulainisha. Ngozi ya mtu ilitoka kama imepakwa maziwa na mikunjo yote ikayeyuka. Hiyo aliishika muda mrefu, maana alijua wanawake wangeipenda. Kisha akawafikiria wazee wa Kiborana waliokuja mjini siku za mnada wa mifugo. Kumfutia mzee wa namna ile mikunjo ni kumvua miaka yake, na miaka ndiyo cheo chake. Akaiweka chini. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya inchi kumi na mbili, shaba nzito isiyo na pambo lolote.

Alimwomba muuzaji akae kwenye kiti karibu na mlango, akafunika kichwa kwa kitambaa cheusi na kuutazama uso wake kwa lenzi moja baada ya nyingine. Hakutazama macho wala mdomo. Alitazama masikio. Kwa lenzi yake ya zamani masikio ya muuzaji yalijificha. Kwa hii ndefu yalirudi mahali pake, pua ikanyamaza, na uso ukakaa kama unavyouona mkiwa mmeketi meza moja.

"Hiyo inataka nafasi," muuzaji alimwonya. "Chumba chako kina urefu gani?"

"Kinatosha," Rimberia akasema. Hakuwa amekipima.

Hakikutosha. Alipofika nyumbani na kuichomeka lenzi, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga mlango wa chumba cha giza, na bado hakuona zaidi ya kichwa, mabega na kifungo cha pili cha shati. Kwa uso, lenzi ilikuwa ajabu. Kwa mtu mzima haikufaa kitu. Basi akajiambia kuwa atakuwa na kazi mbili, ya miguu kwa lenzi fupi na ya nyuso kwa lenzi ndefu, na akaanza kumshawishi kila aliyeingia apige uso.

Watu hawakutaka. Katika Isiolo ya wakati ule, picha ilipigwa ili iende mahali. Ilikwenda kwa mama Maua, kwa mke Marsabit, kwa ndugu Lodwar, na aliyeipokea alitaka kwanza kuhesabu viungo. Barabara zilikuwa zimetegwa mabomu. Mama aliyesikia habari hizo redioni alitaka kuona miguu miwili ya mwanawe, na ndani ya viatu. Ukimpelekea kichwa na mabega, utakuwa umemkosesha usingizi.

Tena vilikuwapo viatu vya Lokorio. Lokorio alikuwa Mturkana mshona viatu aliyekaa kwenye baraza ya studio, na miongoni mwa mali yake ilikuwa jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi ambavyo kazi yake ilikuwa kuazimwa tu. Mwenye mguu mkubwa aliingiza nusu, mwenye mdogo alijaza matambara. Kulikuwa na nyumba huko milimani na huko jangwani ambazo vijana wao wote, wasiojuana, walisimama ukutani katika viatu vilevile.

"Umeninunulia njaa, Baba Jane," Lokorio alimwambia. "Sasa unawapiga watu mpaka kifuani. Mimi niwavalishe nini, kola?"

Rimberia akaona kuwa mji hauwezi kupenda kitu usichokiona. Alikuwa na kabati la kioo lililopigiliwa ukutani barazani, ambamo zilikaa picha za maharusi. Akaziondoa zote. Akachagua watu watano wenye nyuso za kutazamika, akawaomba ruhusa mmoja mmoja, akawapiga kwa lenzi ndefu na kuzikuza picha zao. Alikuwapo mzee wa Kiborana mwenye kilemba, mfanyabiashara wa miraa, karani mmoja, mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni, na Asho.

Asho alikuwa binti wa Mzee Guleid, Msomali mwenye hoteli ya chai, mlango wa pili kutoka studio. Alikuwa ameposwa na kijana dereva wa lori huko Nanyuki, na picha ile ilipigwa ili apelekewe mchumba. Ilikuwa picha njema. Shela yake nyeusi ilimzunguka uso na mwanga ulimwangukia shavuni tu. Guleid alimruhusu Rimberia asafishe ya pili na kuiweka kwenye kioo, kwa sababu walikuwa majirani na hakuona aibu ndani yake.

Kinanu ndiye aliyezipanga. Alizipanga kwa mstari ulionyooka na, kwa kuwa hakupenda kitu kisicho na maelezo, akakata vipande vya karatasi nyeupe na kuandika majina kwa mwandiko wake wa ubaoni. Chini ya kila kichwa likakaa jina kamili na mahali mtu anapotoka.

Wafugaji wawili kutoka Kulamawe walioleta mbuzi mnadani ndio waliokuwa wa kwanza kusimama mbele ya kioo. Walizitazama picha moja baada ya nyingine. Kisha mmoja akainama kwa Lokorio, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Hawa walifanya nini?"

Lokorio hakuwahi kupitwa na nafasi ya mzaha. "Huyu wa kilemba alikula kondoo wa DC," akasema. "Wengine walimsaidia kunywa supu."

Yule mtu hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, akamshika mwenzake mkono, wakaondoka.

Ndipo jambo lilipoanza kutembea. Nje ya ofisi za DC, mkuu wa wilaya, kulikuwa na ubao, na kwenye ubao ule zilibandikwa picha za watu waliokuwa wanatafutwa. Zilikuwa vichwa na mabega, na chini ya kila picha jina na mahali. Mbali na ubao ule, kichwa kisicho na miguu kilionekana kwenye kipande tu, yaani kitambulisho, na kipande ni kitu ulichokitoa mbele ya bunduki. Wenyeji waliowajua wale watano walijua kuwa ni biashara ya Rimberia. Lakini mji ule ulikuwa wa watu wa kuja na kwenda, na waliokuja na kwenda walibeba habari kama walivyoiona. Haukupita muda, jamaa za mzee wa kilemba wakamjia na sukari na majani ya chai kumpa pole kwa kifungo. Mfanyabiashara wa miraa aliona wateja wake wa siku zote wakivuka upande wa pili wa barabara.

Rimberia aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Alimsimulia mkewe wakati wa chakula. Kinanu hakucheka.

Siku iliyofuata Mzee Guleid aliingia studio. Alipewa kiti, hakukaa. Alieleza kwa utaratibu, fimbo yake ikiwa mbele yake na mikono yote miwili juu ya fimbo. Shangazi wa yule kijana wa Nanyuki, mama aitwaye Dahabo, alipata kibali cha kusafiri akaja kumaliza mazungumzo ya harusi. Aliposhuka garini, kitu cha kwanza alichokiona Isiolo kilikuwa kichwa cha mkwe wake ndani ya kioo, na jina la baba yake chini, na watu wakimnyoshea kidole. Hakufika nyumbani kwa Guleid hata kunywa maji. Alikwenda kwa jamaa zake mtaa wa Chechelesi, na kutoka huko akatuma neno kuwa ukoo wao hauchukui msichana anayetafutwa na serikali. Gari likipatikana angerudi, na posa ingevunjika.

"Nilikupa uso wa binti yangu nikijua nampa jirani," Guleid alisema.

"Mzee, wewe unajua ukweli. Nitakwenda kumweleza."

"Utamweleza wewe, mwenye kioo?" Guleid alimtazama. "Msichana aliyeachwa kwa jambo kama hili hauliziwi tena. Wewe una binti?"

"Ninaye."

"Basi sina la kuongeza." Akatoka.

Rimberia alifungua kabati, akazing'oa picha zote tano pamoja na majina yao na kuziweka ndani juu ya meza. Alidhani amelimaliza jambo. Kabla ya saa za shule kwisha, Lokorio aliingiza kichwa mlangoni, safari hii bila kicheko.

"Baba Jane, kioo kiko tupu."

"Nimeona. Ni mimi niliyeziondoa."

"Watu wanasema wameshikwa. Wote. Yule wa kilemba wanasema alipigwa risasi akikimbia."

Hoteli ya Guleid ilikuwa tupu mchana ule. Waliokuwa wanakunywa chai humo kila siku walikumbuka kuwa wana kazi mahali pengine.

Kinanu alipotoka shuleni alipita studio. Aliliona kabati, akaona picha mezani, akasikiliza habari yote amesimama. Alisema jambo moja kuhusu mumewe, kwamba ameziondoa kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akaviokota vile vipande vya karatasi vyenye mwandiko wake na kuvitazama.

"Haya ndiyo yaliyofanya kazi mbaya," alisema. "Ubao wa serikali nao una majina." Akavikunja na kuvitia mfukoni.

Walikaa wakafikiri. Yule mama wa Nanyuki alikuwa amekiona kichwa. Hakuna maneno yangekiondoa machoni pake. Ilibidi amwone msichana mzima, na wazazi wake kando yake, picha ambayo hakuna serikali inayompiga mtu anayetafutwa. Rimberia akasema hilo ni rahisi, lenzi fupi ipo. Akajisahihisha mwenyewe kabla hajamaliza. Kwa lenzi fupi uso wa Asho ungetoka mwingine. Familia nzima ikisongwa katika chumba kile, kamera ingewakaribia mno na nyuso zingevutika. Dahabo angeziweka picha mbili pamoja na kusema wamemletea msichana mwingine. Ilikuwa lazima iwe lenzi ileile iliyomtia matatani, na hiyo haikuweza kumwona mtu mzima ila kamera ikiwa nje barabarani na watu wakiwa barazani.

Wakati ule hakuna mtu mwenye akili ambaye angesimama katikati ya barabara ya Isiolo, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na kuelekeza bomba la shaba kwenye maduka. Kwa hiyo Kinanu alivaa gauni lake la kanisani na kwenda mwenyewe kwa ofisa wa wilaya. Alizungumza naye Kiingereza chake cha chuoni, hakukaa mpaka alipoambiwa akae, na akarudi na ruhusa ya asubuhi moja. Sharti lilikuwa kwamba askari mwenye bunduki asimame karibu na kamera mpaka kazi iishe.

"Askari!" Rimberia akashika kichwa. "Msichana anasemwa anatafutwa, nami nimpige picha mbele ya bunduki."

"Piga," Kinanu alisema. "Huyo mama nitamleta mimi."

Asubuhi ile pazia la maua lilitundikwa kwenye ukuta wa baraza. Mzee Guleid alikuja na koti lake la sufu licha ya joto. Mkewe alikuja, na katikati yao Asho, amevaa nguo mpya na viatu vyake mwenyewe. Rimberia alirudisha kamera nyuma, akairudisha tena, mpaka akafika ukingo wa pili wa barabara. Askari, kijana wa Kikamba, alijiweka kando yake na bunduki begani. Watu wakajaa pande zote mbili. Hakuna aliyepaza sauti, lakini mnong'ono ulikuwa mmoja na ulisomeka midomoni mwao, kwamba msichana ameshikwa.

Kinanu alikuwa Chechelesi. Hakumwomba Dahabo, kwa sababu kuomba hakukuwa katika desturi yake. Alijitambulisha, akasema jina la mumewe, na akamwambia kuwa mtu aliyesafiri njia yote ile kumtazama mkwe ingekuwa ajabu arudi bila kumtazama. Akishamtazama, aende kwa amani. Dahabo alimpima kwa macho kutoka viatu hadi kilemba cha kichwa. Halafu akachukua mwavuli wake.

Walifika pamoja, wanawake wawili warefu, na watu wakawapisha. Dahabo alimtazama msichana barazani, akamtazama askari.

"Na huyu mwenye bunduki, ni wa upande wa bwana harusi?"

Kijana alibabaika. "Mama, mimi nalinda kamera."

"Kwani kamera imefanya nini?"

Mtu alicheka, na mwingine. Askari mwenyewe aliinamisha uso na kuificha tabasamu.

Rimberia alimkaribisha Dahabo atazame kwa macho yake. Dahabo alikitazama kitambaa cheusi na kusema hawezi kuingiza kichwa mahali mwanamume amekuwa akipumulia. Basi Kinanu alikishika kitambaa, akakikung'uta, akakiinua juu yao wote wawili, na migongo miwili ikabaki nje barabarani.

"Mbona wamening'inizwa miguu juu?" sauti ya Dahabo ikatoka ndani.

"Kioo cha kamera ndivyo kinavyoona," Kinanu alimjibu. "Hata DC humgeuza hivyohivyo. Karatasi ndiyo itakayowasimamisha."

Ndani ya giza lile hapakuwa na umati wala bunduki, ila watu watatu wadogo wenye mwanga, kichwa chini. Dahabo alimwona mzee aliyevaa sufu kwenye joto. Alimwona mama aliyeshika mkono wa nguo wa bintiye kwa vidole viwili, kama mtoto anavyoshika gauni la mama sokoni. Aliona upindo wa nguo ya msichana ukitetemeka ingawa hapakuwa na upepo. Alikaa humo mpaka watu wakaanza kuuliza kama mama wa watu ameishiwa pumzi.

Alipotoka, aliomba aletewe ile picha ya kichwa iliyokuwa kwenye kioo. Rimberia alikikimbilia ndani. Dahabo alivuka barabara, akakishika karibu na shavu la Asho, akatazama huku na huku. Msichana aliinamisha macho.

"Ni yeye," Dahabo alisema. Kisha akamgeukia Rimberia. "Wewe, nani alikufundisha kupanga watu namna hii? Msichana peke yake, jina lake chini, hana mama kando, hana shangazi. Kwetu anayesimamishwa peke yake ni yule anayeulizwa maswali."

Dahabo alimrudishia Rimberia kile kichwa.

"Haya, wapige kwanza hawa. Halafu unipige mimi. Kichwa, kama chake. Uniweke pale kwenye kioo ubavuni mwake, na hao wazazi wake pia. Akining'inia peke yake ni mtu wa serikali. Akining'inia na mimi, ni mtu wetu."

Rimberia aliingia chini ya kitambaa, akaomba watu watulie. Mke wa Guleid aliuachia mkono wa nguo ya bintiye, akasimama wima. Picha ikapigwa. Askari alipoambiwa kazi ya nje imekwisha aliuliza kama naye anaweza kuangalia kidogo, akaangalia, akaenda zake.

Ndani ya studio Dahabo alikaa kwenye kiti na mwavuli wake mkononi. Rimberia alimweleza kuwa mwavuli hautaonekana.

"Sijasema uonekane," Dahabo alimjibu. "Nimesema nitaushika." Kwa hiyo katika picha ile, ukiwa unajua, unaona bega la kulia limeinuka kidogo kuliko la kushoto.

Hakuondoka mpaka kioo kilipojazwa. Asho alikaa katikati, mama yake upande mmoja, Dahabo upande wa pili, na Guleid juu yao. Hapakuwa na jina hata moja. Dahabo alisimama mbele ya kabati muda wa kutosha kuonekana na mji mzima, ili kila apitaye alinganishe kichwa cha ndani na cha nje. Wageni walipomuuliza Lokorio watu wale walifanya nini, alisema wamekubaliana mahari, na hilo halikuwa mzaha. Jioni ile hotelini kwa Guleid watu walikosa viti. Dahabo alirudi Nanyuki na picha ya familia, na baada ya mwezi wa Ramadhani Asho akaolewa.

Tangu hapo Rimberia aliweka kanuni kuwa kichwa hakitundikwi peke yake. Aliyetaka nafasi kwenye kioo alikuja na mtu wake. Mzee wa kilemba alirudi na nduguye, mfanyabiashara wa miraa alikuja na mama yake kutoka Maua, na lenzi ndefu ikapata kazi ambayo haikuipata kwa ushawishi wote wa mwenyewe. Watu walianza kuhesabu nani amekaa na nani, na kutokuwapo kwenye kioo kukawa jambo la kuzungumzwa.

Ndipo akaja Wakiuru. Alikuwa muuza mayai kutoka upande wa Nyeri, aliyefika Isiolo wakati wa hali ya hatari ya kwanza, ile ya wakoloni, peke yake, na hakuna aliyejua watu wake. Kwa kuwa hawakujua, walisema walivyopenda. Alivaa nguo safi na kumwambia Rimberia anataka uso wake kwenye kioo. Rimberia akamweleza kanuni, alete mtu wake.

"Sina," Wakiuru alisema. Hakuondoka. Alisimama tu karibu na kiti.

Kinanu alikuwa pembeni akisahihisha kazi za shule. Picha yake haikuwahi kuwekwa kwenye kioo, na Rimberia alishajifunza kutomwomba. Alikuwa mwalimu na mke wa mtu, na aliamini kuwa jina la nyumba halipaswi kukaa barabarani likitazamwa na kila mwenye macho. Aliendelea kuandika mistari michache. Halafu akaiweka kalamu chini, akainuka, akanyoosha kola yake na kuketi kwenye kiti.

"Anza na mimi," alimwambia mumewe.

Vichwa viwili vikakaa kwenye kioo, sawa kwa ukubwa, bega kwa bega. Kesho yake mke wa mchungaji alimsimamisha Kinanu njiani, akamuuliza kwa upole wa kutafuta habari yule mwanamke wa mayai ni nani wake.

"Ni dada yangu," Kinanu alisema, na akashika njia ya shuleni.